Carleton Watkins, Mpiga Picha wa Yosemite

Carleton Watkins alizaliwa mwaka 1829 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa kijana alihamia California, akajifunza kupiga picha.

Mwaka 1861 alisafiri hadi bonde la Yosemite, nyumbu wakimbebea kamera kubwa mno, chupa za dawa na vioo. Siku hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, nayo ilisafishwa papo hapo kabla dawa haijakauka. Alirudi na picha za majabali, maporomoko ya maji na miti mikubwa ajabu. Watu wa mashariki, ambao hawakupata kufika huko, wakajionea. Picha hizo ziliwapa nguvu waliolitetea bonde. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi kwa faida ya watu wote.

Watkins mwenyewe hakutajirika. Madeni yalimpokonya picha zake za kwanza. Mwaka 1906 tetemeko la San Francisco na moto uliofuata viliangamiza studio yake. Alikufa mwaka 1916, maskini, macho yamefifia. Mlima mmoja wa Yosemite unaitwa kwa jina lake, na bonde lingalipo.