Marehemu Paul Bomani: Mtu wa Ushirika

Katika ukurasa huu wa kuwakumbuka wazee waliotutangulia, safari hii tunawaletea habari za marehemu Paul Lazaro Bomani. Huenda wanafunzi walioko shuleni sasa wamelisikia jina lake tu. Wenzetu wa zamani wanalijua vema, hasa wale ambao karo zao zililipwa kwa fedha za pamba.

Alizaliwa Musoma mwaka 1925, katika jamaa ya Waadventista Wasabato walioishika dini yao. Alisoma Nassa, kisha Ikizu, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Bunda, jirani na Serengeti. Alipomaliza alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 alihamia Mwanza, akajiunga na ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika. Siku hizo biashara kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwa Waasia, na mwenye duka dogo asiyeungana na wenzake hakufika mbali.

Mjini Mwanza ndipo alipoikabili shida ya wakulima. Mtu alihangaika na jembe msimu mzima, akabeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, na neno la mwisho likawa la mizani ya mnunuzi yuleyule. Asiyejua kusoma mizani hakuwa na la kujibu. Bomani na wenzake wakawahimiza wakulima waweke watu wao wenyewe wa kusimama mizanini na kuhakiki uzito. Lilikuwa jambo dogo, lakini ndilo lililowafanya wakulima wauamini ushirika, na vyama vya msingi vikaenea vijijini.

Baada ya kwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, alirudi na kuwa Meneja Mkuu wa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ulioanzishwa mwaka 1955. Katika miaka michache muungano huo uliishika biashara ya pamba ya Jimbo la Ziwa, ukamiliki na viwanda vya kuchambulia pamba. Ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima.

Siasa na ushirika kwake vilikwenda pamoja. Aliongoza chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa, na mwaka 1954 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Kwa miaka kadhaa wakoloni waliizuia TANU kufanya kazi Usukumani, na vyama vya ushirika vikawa mahali ambapo wananchi walijifunza kuchagua viongozi na kuwauliza hesabu. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha.

Ndipo likaja jaribu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU walisimama karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Bomani, Waziri wa Fedha wa nchi nzima, alishindwa kwao Mwanza. Wakati huo manung'uniko juu ya vyama vya ushirika yalikuwa yameenea, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda tume ya kuvichunguza. Wakulima aliowafundisha kusimama mizanini walikuwa wamempima naye.

Rais Nyerere alimteua kuwa Mbunge, akaendelea na uwaziri. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa Balozi wetu Marekani, na baadaye akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia Aprili 1, 2005.

Ninyi mlioko shuleni, mtakaokuwa makatibu na wahasibu wa vyama vya vijijini kwenu Tarime na Serengeti, yashikeni yote mawili. Mfundisheni mkulima kusoma mizani. Na siku atakapowageuzia ninyi mizani hiyo, msimwite mtovu wa shukrani, maana hapo ndipo mtajua kwamba somo limeingia.