MAISHA YA CHRISTOPHE PLANTIN, MUPIGA CHAPA



Siye wa gazeti hili tulibishana sana. Mumoja wetu alitaka kila kichwa cha habari kiwe na herufi zake: hiki nene, hiki za kuinama, kile za maua. Mimi nilikataa, lakini sikuwa na jibu. Njo nikasoma maisha ya mutu huyu.

Christophe Plantin alizaliwa Ufaransa, upande wa Tours, karibu mwaka 1520. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona mabuku na kuyavika ngozi. Kisha alihamia Antwerpen, katika inchi tunayoita leo Ubelgiji. Usiku mumoja watu walimuchoma upanga ku bega, wakizani ni mutu mwingine. Mukono haukuweza tena kazi ya ngozi. Hakukaa kulia tu. Mwaka 1555 akaanza kupiga chapa.

Wakati ule herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, na kila ukubwa ulikuwa na vipande vyake. Kuchagua herufi ilikuwa kutosha feza. Kwa hiyo Plantin alichagua kwa akili. Kwa maandishi ya ndani alitumia herufi za kusimama za Claude Garamond, juu zinasomeka bila kuchokesha macho. Za kuinama zilitoka kwa Robert Granjon. Zile kubwa zilitengenezwa na Hendrik van den Keere wa muji wa Gent. Mafundi watatu, lakini ku ukurasa herufi zao zilipatana kama ndugu.

Taabu haikukosa. Mwaka 1562, yeye akiwa Paris, wafanyakazi wake walichapa kitabu kidogo kilichokatazwa cha Waprotestanti. Vyombo vyake vyote vikauzwa. Mwaka 1563 alirudi na kuanza tena.

Kazi yake kubwa ni Biblia ya luga tano, iliyochapwa toka 1568 mupaka 1573, mabuku 8: Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiaramu na Kisiria. Fikirini, luga ine ku kurasa mbili zinazotazamana! Kama angechagua herufi vibaya, musomaji angepotea. Lakini kila luga ilikaa pahali pake, na jicho likajua njia. Mufalme wa Hispania aliitaka kazi ile, lakini madeni yakabaki kwa Plantin.

Mwaka 1576 waaskari wa Hispania waliharibu Antwerpen, naye akalipa feza mingi ili nyumba yake isichomwe. Alikufa tarehe 1 Julai 1589. Nyumba ile ni makumbusho toka 1877, na herufi zake zingali mule.

Mwaka 1913, Waingereza walitazama herufi moja ya Granjon ya nyumba ile, wakatengeneza herufi inayoitwa Plantin. Kutoka ile ikazaliwa Times New Roman, mwaka 1932, ambayo ordinateri nyingi zinayo. Basi mutu huyu si mugeni kwetu.

Sasa jibu ninalo. Leo herufi ni za bure, njo sababu tunazimwaga kama chumvi mingi mu bukari. Plantin alizilipia, akazitumikisha kwa ajili ya musomaji. Tuchague moja ya ndani na moja ya vichwa, basi. Mwenye kusoma aone habari, asione ufundi wetu.