César Milstein: Mgeni Aliyekuja, Wenyeji Wakapona

Wahenga walipomwalika mgeni aje ili mwenyeji apone, yamkini hawakuwaza habari za maabara. Hata hivyo, maisha ya marehemu César Milstein yanausadifu usemi huo barabara.

Milstein alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1927 mjini Bahía Blanca, Argentina. Babaye alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi na mamaye mwalimu. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, alikwenda Cambridge, Uingereza, kujiendeleza kiutafiti. Mwaka 1961 alirejea nyumbani kuongoza kitengo kipya cha baiolojia ya molekuli katika Taasisi ya Malbrán. Mwaka uliofuata wanajeshi walimpindua rais, na punde si punde mkurugenzi wa taasisi hiyo akafutwa. Milstein hakustahimili kuona wasomi wakiandamwa; alijiuzulu mwaka 1963 akarudi Cambridge.

Huko ndiko yeye na kijana Mjerumani, Georges Köhler, walikotegua kitendawili. Seli ya panya inayotengeneza kingamwili hufa upesi nje ya mwili, ilhali seli ya saratani huzaana bila kikomo. Waliziunganisha mbili hizo, wakapata seli chotara iliyorithi sifa za pande zote: kutengeneza kingamwili ya aina moja tu, daima. Matokeo yalichapishwa Agosti 1975.

Faida zake ni tele. Mathalani, zipo kingamwili zinazonata kwenye saitokeratini, yaani protini za seli zinazofunika ngozi na kuta za viungo vya ndani. Saratani inapoenea na chanzo chake kisijulikane, kingamwili hizo humsaidia mtaalamu kubainisha iwapo ilitokana na seli za aina hiyo, na hata kukisia kiungo ilikoanzia.

Uvumbuzi wenyewe haukuwekewa hataza. Waliochuma mabilioni ya fedha kutokana nao ni wengine. Milstein, Köhler na Niels Jerne walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Köhler alifariki mwaka 1995. Milstein naye akaaga dunia mjini Cambridge tarehe 24 Machi 2002.

Nasi wapenzi wa Kiswahili, tulitumiapo neno kingamwili, tumkumbuke msomi huyu. Serikali iliyowaandama wenzake ilijinyima tunda ambalo lingeweza kuivia nyumbani.