Harold Washington, meya aliyepeleka lami hata kwa waliomkataa

Wagombea umeya hawaishiwi ahadi. Kila mmoja akifika mtaani kwako atakuambia anaijua shida ya mtaro wako, taka zisizozolewa na taa zisizowaka. Mimi huwapima kwa swali jingine: huyu akishinda, atafanya nini katika mitaa iliyomnyima kura? Kwa kipimo hicho, katika mameya ambao nimesoma habari zao, sijaona wa kumtanguliza mbele ya Harold Washington wa Chicago, Marekani.

Alizaliwa katika mji huo huo Aprili 15, 1922. Baba yake alikuwa mwanasheria na mtu wa chama cha Democratic kwenye mitaa ya Weusi, kwa hiyo siasa za mtaani alizikuta nyumbani. Alitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, akarudi akasoma sheria, na mwaka 1965 akaingia katika Bunge la jimbo la Illinois. Mwaka 1981 akawa mbunge wa Bunge la Marekani. Nayapita haya haraka, maana wasifu wa namna hii wanasiasa wengi wanao.

Kubwa ni mji wenyewe. Chicago ilikuwa na watu milioni 3 na kata 50, kila kata na diwani wake. Meya huko huchaguliwa na wananchi wenyewe, si na madiwani kama Tanzania. Tangu mwaka 1931 kiti hicho hakikutoka mikononi mwa Democratic, na chama kilikuwa kimekwisha kuwa mtambo wa kugawa ajira na huduma: mleta kura ndiye mpata kazi. Katikati ya mji kulipendeza. Weusi maskini walirundikwa katika majengo ya serikali, kama yale ya Robert Taylor Homes, maghorofa 28 yaliyopangwa kando ya barabara kuu ya Dan Ryan. Ng'ambo ya barabara ile ilikuwa mitaa ya Weupe.

Mwaka 1979 Weusi walimpa kura Jane Byrne akawa meya. Mwaka 1981 mama huyo alihamia kwa muda katika nyumba za Cabrini-Green, kuonyesha kwamba anawajali maskini. Mwaka uliofuata akateua Weupe kwenye bodi ya nyumba hizo, ambazo wapangaji wake wengi walikuwa Weusi. Watu wakahesabu kwamba wamechezewa.

Viongozi wa mitaani wakamwendea Washington wakimtaka agombee. Hakukubali upesi. Aliwahi kugombea mwaka 1977 akaambulia kura chache. Safari hii akataka kwanza waandikishwe wapiga kura wapya 50,000. Nampendea hapo! Waliandikishwa zaidi ya 100,000.

Januari 1983 yeye, Byrne na Richard M. Daley, mtoto wa meya wa zamani, walikutana katika midahalo minne. Fedha za mji, polisi na hali ya mitaa vilijadiliwa mbele ya watu, na wengi waliokuwa wakimdharau walimwona kuwa anaujua mji. Februari akapitishwa na chama kwa asilimia 36, kwa kuwa wale wawili waligawana kura za Weupe.

Kwa kawaida aliyepitishwa na Democratic alikuwa meya tayari. Mara hii wanachama wengi Weupe walimkimbilia Bernard Epton wa Republican. Wapinzani walifukua kesi ya mwaka 1972, Washington alipofungwa mwezi na siku kadhaa kwa kutopeleka hesabu za kodi ya mapato. Kosa lilikuwa lake kweli, na mimi simtetei. Lakini umati uliomzomea Machi 27 kwenye kanisa la St. Pascal, upande wa kaskazini-magharibi, haukukasirishwa na kodi. Aprili 12 alishinda kwa takriban asilimia 52.

Barazani alikuta madiwani 29 wakiongozwa na Edward Vrdolyak, yeye akiwa na 21. Wale 29 walitosha kukwamisha hoja zake. Kura ya turufu ya meya hawakuiweza, maana ilihitaji 34. Mvutano ulidumu miaka mitatu.

Ndani ya mvutano huo ndipo naona akili yake. Mwaka 1985 alitaka mji ukope kwa hati fungani ili kujenga barabara, njia za waenda kwa miguu na mifereji katika kata zote 50. Wale 29 wakakataa. Hakukaa ofisini kulalamika. Alikwenda kwenye kata zao, kwa wananchi waliomkataa, akawaonyesha ni mitaa yao ipi ingetengenezwa na nani anayezuia. Wananchi wakawageukia madiwani wao, na mkopo ukapita. Aidha aliamuru nyaraka za mji zifunguliwe kwa raia. Mwananchi akaweza kuuliza kata yake imepata nini na ya jirani imepata nini.

Mwaka 1986 uchaguzi ulirudiwa katika kata 7, baada ya mahakama kuona kwamba ramani ya kata iliwapunja Weusi na Walatino. Baraza likawa 25 kwa 25, na kura ya kuamua ikawa ya meya.

Hata hivyo nyumba za umma zilimshinda. Wapangaji wa Robert Taylor, waliompa kura kwa wingi kuliko wengi, waliendelea na lifti mbovu na uhalifu. Wapenzi wake hawapendi kulitaja hili, lakini wapangaji wale nao walikuwa na haki ya kuuliza.

Aprili 1987 alichaguliwa tena. Novemba 25 mwaka huo moyo ulimsimama akiwa mezani kwake ofisini. Alikuwa na umri wa miaka 65. Usiku wa kuamkia Desemba 2 madiwani walikutana kumtafuta mrithi, nje maelfu wakipiga kelele. Saa 10 alfajiri walimchagua Eugene Sawyer, diwani Mweusi wa upande wa marehemu, na kura nyingi alizopata zilitoka kwa wale wale waliompinga Washington.