Bobby Jones: Kijana wa hasira aliyejifunza kuituliza akili, akawa mfalme wa gofu

Mwaka 1921, St Andrews, Scotland. Kijana wa miaka 19 kutoka Marekani yumo ndani ya mtego wa mchanga kwenye shimo la 11. Anapiga mpira, hautoki. Anapiga tena, bado. Mashimo tisa ya kwanza yamemla mikwaju 46, idadi ambayo hata mchezaji wa kawaida angeionea aibu. Shimo la 10 nalo limemla mikwaju sita.

Kijana anachoka. Anajitoa kwenye mashindano hapo hapo, katikati ya raundi, mbele ya watu.

Jina lake ni Robert Tyre Jones Jr., dunia inamfahamu kama Bobby Jones. Miaka tisa baadaye, kijana huyo huyo alifanya jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kulifanya. Na kilichobadilika zaidi kati ya siku hizo mbili hakikuwa mikono yake. Kilikuwa kichwa.

Mtoto mgonjwa aliyeiga kila kitu

Jones alizaliwa Machi 17, 1902, Atlanta, jimbo la Georgia. Utotoni alikuwa dhaifu, anaumwaumwa. Familia yake ikawa inakaa karibu na uwanja wa gofu wa East Lake, na hapo ndipo mtoto akaanza kuhangaika na fimbo.

Hakupewa mafunzo rasmi ya kukaa chini na mwalimu. Alikuwa anamfuata nyuma Stewart Maiden, Mskoti aliyekuwa mchezaji wa kulipwa pale East Lake, anamtazama anavyopiga, kisha anaenda kuiga. Basi. Mpigo wake ukawa laini kiasi kwamba watu walisimama kuutazama.

Akiwa na miaka 14 tu, mwaka 1916, aliingia kwenye ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa, uliofanyika Merion, karibu na Philadelphia. Akafika robo fainali. Kila mtu akaona bingwa amezaliwa.

Kumbe bado sana.

Miaka saba ya ukame

Kuanzia 1916 hadi 1923, Jones hakushinda taji kubwa hata moja. Kipaji alikuwa nacho na mpigo mzuri alikuwa nao, lakini mkwaju mmoja mbaya ulitosha kumharibia siku nzima. Alikuwa anarusha fimbo na kununa. Akikosea shimo moja, shimo linalofuata anakwenda nalo akiwa bado na hasira za lile la nyuma.

Ukicheza gofu unaijua hali hiyo. Mpira unaingia majini, na badala ya kupiga unaofuata kwa utulivu, unataka kulipiza. Unapiga kwa nguvu zote, unakosea zaidi. Shimo moja limekwisha, lakini kichwani bado unalicheza.

Mwaka huo huo wa 1921, baada ya kurudi nyumbani, fimbo aliyoirusha kwenye ubingwa wa ridhaa ilimgonga mguuni mwanamke aliyekuwa akitazama mchezo. Akapewa onyo kwa maandishi: asipodhibiti hasira zake, hatacheza tena mashindano ya chama cha gofu cha Marekani.

Hapo ndipo jamaa alipoanza kujiangalia upya.

Mpinzani anayeitwa Mzee Par

Kila shimo la gofu lina idadi yake ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia. Ni mitatu, minne au mitano. Wachezaji wanaiita par.

Jones alipokuwa na miaka 11, alimwona bingwa wa Uingereza, Harry Vardon, akicheza mchezo wa maonyesho pale East Lake. Vardon hakuwa na papara. Alionekana kama hashindani na mtu yeyote. Anapiga, anatembea, anapiga tena, na mwisho wa siku hesabu yake iko vizuri.

Mwaka 1920 wakapangwa kucheza pamoja kwenye mashindano ya wazi ya Marekani. Jones akapiga mkwaju mbovu sana karibu na shimo, kisha kwa aibu akamuuliza mzee kama amewahi kuona mkwaju mbaya kuliko ule. Vardon akajibu kwa neno moja tu, kwamba hajawahi. Hakuongeza kitu, akaendelea na mchezo wake.

Ilimchukua Jones miaka kuelewa alichokuwa anakiona kwa Vardon. Alipokuja kuelewa, akampa jina mpinzani wake mpya: Mzee Par.

Mzee Par hana miujiza, wala hafanyi makosa. Hakasiriki, hajisifu, hajali nani anaongoza. Jones aliamua kwamba kuanzia sasa anacheza na mzee huyo tu. Anayetembea pembeni yake apige anavyopiga, hilo si shughuli yake.

Ukiangalia kwa haraka, ni jambo dogo. Lakini fikiria linavyobadilisha mchezo. Mpinzani wako akipiga mkwaju wa ajabu, huna sababu ya kulazimisha na wewe upige wa ajabu. Akikosea, huna sababu ya kulegea. Kazi yako inabaki ile ile, na iko mikononi mwako.

Shimo la mwisho, Inwood

Julai 1923, uwanja wa Inwood, New York. Jones anaongoza mashindano ya wazi ya Marekani, anabakiwa na mashimo matatu. Anayaharibu yote matatu. Bobby Cruickshank anamfikia, na wanalazimika kurudiana kesho yake kwa mashimo 18.

Kwa Jones wa zamani, usiku ule ungetosha kummaliza. Lakini kesho yake alirudi uwanjani, wakakabana hadi shimo la 18 wakiwa sawa. Mpira wake ukawa pembeni, kwenye udongo mtupu, na mbele ya grini kuna maji. Hakusita. Alichukua fimbo ya chuma, akapiga, mpira ukavuka maji na kutua karibu kabisa na shimo.

Akawa bingwa akiwa na miaka 21. Ukame wa miaka saba ukaisha.

Lakini usidhani woga uliisha. Kila mashindano makubwa yalimkausha. Alikuwa anapungua uzito ndani ya siku chache, na wakati mwingine tumbo lilikataa chakula. Utulivu ambao watu waliuona usoni haukuwa wa mtu asiye na hofu. Ulikuwa wa mtu aliyejifunza kutembea nayo bila kuiachia fimbo.

Mkwaju mmoja uliomnyima taji

Mwaka 1925 akili hiyo ilipimwa kwa namna nyingine kabisa.

Kwenye mashindano ya wazi ya Marekani, uwanja wa Worcester, Massachusetts, Jones alikuwa anajiandaa kupiga mpira uliokuwa kwenye majani marefu. Mpira ukasogea kidogo. Hakuna mwingine aliyeona. Waamuzi walipouliza, hawakupata shahidi hata mmoja, wakamwachia yeye aamue.

Jones akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu.

Mashindano yalipoisha, alikuwa amelingana na Willie Macfarlane. Wakarudiana mashimo 18, wakalingana tena. Wakarudia mengine 18, na Macfarlane akashinda kwa mkwaju mmoja. Yaani bila ile adhabu, Jones angekuwa bingwa bila hata ya kurudiana.

Watu walipomsifia kwa uaminifu, hakupenda. Kwake ilikuwa sawa na kumsifia mtu kwa kutoibia benki. Ukishaamua kwamba unashindana na uwanja na nafsi yako, kudanganya hesabu ni kujidanganya mwenyewe.

Mwaka 1930: mataji manne

Wakati huo mashindano makubwa yalikuwa manne: ya wazi na ya ridhaa ya Uingereza, na ya wazi na ya ridhaa ya Marekani. Jones aliyatwaa yote manne ndani ya mwaka mmoja.

Alianza na ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, pale pale St Andrews alipojitoa mwaka 1921. Nusu fainali alikuwa nyuma kwa mashimo mawili, yamebaki matano. Akapindua.

Yakafuata mashindano ya wazi ya Uingereza, Hoylake. Hapa simama kidogo, maana ndipo unaona safari yake yote. Raundi ya mwisho, shimo la 8, mikwaju miwili ilimfikisha karibu kabisa na grini. Kutoka hapo, akatumia mikwaju mitano mingine. Jumla saba, mahali ambapo minne ingetosha.

Kijana wa 1921 angejitoa. Jones wa 1930 aliinua mpira wake, akaenda kwenye shimo la 9, akacheza lililokuwa mbele yake. Akashinda mashindano kwa tofauti ya mikwaju miwili.

Mwezi Julai, kwenye joto kali la Interlachen, Minnesota, akachukua la tatu. Alitoka jasho mpaka fundo la tai yake likagoma kufunguka, ikabidi ikatwe kwa kisu. Na Septemba, Merion, uwanja ule ule alioanzia akiwa na miaka 14, akachukua la nne.

Novemba mwaka huo akatangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 28 na mataji makubwa 13, na hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa na shahada ya uhandisi kutoka Georgia Tech, shahada ya fasihi kutoka Harvard, na kazi ya uwakili Atlanta. Pia alikuwa na mke na watoto.

Augusta, na doa lake

Baada ya kustaafu alishirikiana na Clifford Roberts na msanifu wa viwanja Alister MacKenzie kujenga Augusta National, Georgia. Mwaka 1934 mashindano yake ya kwanza yalifanyika. Leo unayajua kama Masters.

Sehemu hii haina utukufu tupu. Augusta ilijengwa kwenye Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Jones hakusimama kuipinga hali hiyo. Watu weusi walibeba mifuko ya fimbo. Mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, aliingia Masters mwaka 1975, Jones akiwa ameshafariki. Mwanachama mweusi wa kwanza alikubaliwa 1990. Mtu aliyejidai mkwaju mmoja ambao hakuna aliyeuona, aliishi na deni hili ambalo kila mtu aliliona.

Mpira ulale ulipolala

Mwaka 1948, mgongo na viungo vilianza kumsaliti. Alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo unaoharibu mishipa ya fahamu taratibu. Upasuaji haukusaidia. Ikaja fimbo ya kutembelea, kisha magongo, kisha kiti cha magurudumu. Mikono iliyopiga mpira kwa ulaini ule ikafika mahali pa kushindwa hata kushika kalamu vizuri.

Hakucheza gofu tena. Na walio karibu naye walisema hakuwa mtu wa kulalamika. Sheria ya msingi ya gofu ni kwamba mpira unapigwa pale ulipolala, hata pakiwa pabaya. Aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1958 alirudi St Andrews. Mji ukampa uraia wa heshima, Mmarekani wa kwanza kuupata tangu Benjamin Franklin mwaka 1759. Ukumbi ulijaa. Alizungumza bila kusoma karatasi, na alipokuwa anatoka, watu wakaanza kuimba wimbo wa zamani wa Kiskoti wa kuagana. Wengi walilia.

Mji aliouacha kwa hasira akiwa na miaka 19 ulikuwa unamwimbia.

Bobby Jones alifariki Desemba 18, 1971, akiwa na miaka 69. Shimo la 10 la St Andrews, lile lililomla mikwaju sita siku aliyojitoa, leo linaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo wikiendi hii ukiingia uwanjani na mpira wa kwanza ukapotelea vichakani, usiitafute fimbo ya kurusha. Andika hesabu yako kwa ukweli, vuta pumzi, tembea. Mzee Par anakusubiri kwenye shimo linalofuata, na hana habari na lile ulilokosea.