Lev Landau, mwanafizikia aliyetolewa gerezani kwa dhamana ya mkubwa wake wa kazi

Mjini Moscow, tarehe 28 mwezi wa nne mwaka 1938, polisi wa siri wa Stalin walimkamata mtaalamu wa fizikia mwenye umri wa miaka 30. Aliitwa Lev Landau. Kwa mujibu wa faili la polisi lililofunguliwa miaka mingi baadaye, yeye na mwenzake Moisey Korets walitayarisha karatasi ya kugawa kwenye sikukuu ya wafanyakazi, iliyomlinganisha Stalin na Hitler na kuwaita wananchi wamuondoe. Wakati ule watu walipigwa risasi kwa maneno madogo kuliko hayo.

Landau alizaliwa Baku, Azerbaijan ya leo, mwaka 1908. Baba yake alikuwa mhandisi wa petroli, mama yake daktari. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 14 tu. Mwaka 1929 alitumwa Ulaya, akafanya kazi Copenhagen kwa Niels Bohr, aliyempenda kama mtoto wake. Angeweza kubaki kule, lakini alirudi.

Kuanzia mwaka 1932 alifundisha Kharkov, nchini Ukraine. Alikuwa mwalimu mkali: mtihani wake wa kuingia kikundini ulipitwa na watu 43 tu katika maisha yake yote. Huko, mwaka 1935, yeye na Evgeny Lifshitz waliandika hesabu kuhusu sumaku. Kila elektroni ndani ya chuma ni kama sumaku ndogo sana, na wataalamu huiita hali hiyo spini. Zikielekea upande mmoja kwa wingi, kipande chote kinakuwa sumaku. Hesabu yao inaonyesha jinsi uelekeo huo unavyogeuka, na mpaka leo wanaotengeneza kumbukumbu za kompyuta wanaitumia.

Lakini Kharkov iligeuka mahali pa hatari. Rafiki yake Lev Shubnikov, aliyepima pale jinsi metali zilizopoozwa sana zinavyoishi na sumaku, alikamatwa mwaka 1937 na kuuawa. Landau alikuwa amekwisha kukimbilia Moscow, katika taasisi ya Pyotr Kapitsa. Mwaka uliofuata zamu yake ikafika.

Kapitsa alimwandikia Stalin siku ileile ya kukamatwa. Bohr naye aliandika kutoka Denmark. Hakukuwa na jibu, na Landau alizidi kudhoofika gerezani. Baada ya mwaka mzima Kapitsa aliandika tena, akieleza kwamba amegundua maajabu katika helium ya maji na kwamba Landau pekee ndiye anayeweza kuyaeleza. Kisha akatia sahihi dhamana iliyoelekezwa kwa Beria, mkubwa wa polisi wa siri. Kwa siku zile, hiyo ilikuwa kuweka shingo yake mwenyewe mezani. Tarehe 29 mwezi wa nne mwaka 1939 Landau akatoka. Korets hakuwa na mtu wa kumdhamini, akabaki kambini miaka mingi.

Deni lililipwa haraka: mwaka 1941 Landau alieleza helium ile. Mwaka 1950, pamoja na Vitaly Ginzburg, aliandika nadharia ya superkondakta, yaani metali ambazo zikipoozwa mno hupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Ndizo zilizomo ndani ya mashine za IRM hospitalini, na waya zake hutengenezwa kwa niobiamu, madini ambayo sisi wa Kivu tunayajua kwa sababu yamo ndani ya coltan.

Leo kazi zake mbili zinakutana. Watafiti wanagandamiza superkondakta juu ya sumaku, vitu viwili vyenye uadui. Katika superkondakta za kawaida elektroni hutembea mbili mbili, spini zao zikipingana. Sumaku inazilazimisha kuelekea upande mmoja, na jozi inavunjika. Ila pale zinapogusana, mwendo wa elektroni unaweza kuipindisha spini yake. Jozi nyingine hugeuka kuwa za upande mmoja, zikaweza kuingia mbali ndani ya sumaku bila kuvunjika. Matumaini ni kupata kompyuta zinazokula umeme kidogo sana.

Landau hakuwa mtu wa kusahihishwa kirahisi. Mwanafunzi wake Alexei Abrikosov alisimulia kwamba mwalimu alimpinga, akachelewa kuchapisha hadi 1957 kazi iliyoeleza vipimo vya marehemu Shubnikov. Kazi hiyo ilimpa Abrikosov tuzo la Nobel mwaka 2003, pamoja na Ginzburg.

Tarehe 7 mwezi wa kwanza mwaka 1962, gari alimokuwa Landau liligongana na lori kwenye barabara yenye barafu. Alikaa katika koma kwa wiki nyingi. Alipona kiasi, lakini hakurudi tena kwenye kazi. Mwaka uleule alipewa Nobel kwa ajili ya helium, na balozi wa Sweden akampelekea tuzo hospitalini Moscow. Alifariki tarehe 1 mwezi wa nne mwaka 1968. Kapitsa, mdhamini wake, alipata Nobel yake mwaka 1978.