Mwimbaji wa Kambi ya Birkenau

Soma Zaburi 137:1–4. Watekaji wa Babeli waliwataka Wayahudi waimbe, nao wakavitundika vinubi vyao. Je, mateka akijua kwamba asipoimba atakufa, afanye nini? Jadilini swali hilo darasani kabla ya kuendelea, kwa maana lilimkuta mwanamke wa Kiyahudi wa Ufaransa, Fania Fénelon.

Alizaliwa Paris mwaka 1908, na jina lake la kwanza lilikuwa Fanny Goldstein. Alisomea piano, kisha akaishi kwa kuimba katika kumbi za starehe za usiku, kazi ambayo wengi wetu tusingemchagulia binti yetu. Wajerumani walipoitwaa Ufaransa, aliwasaidia kwa siri watu waliowapinga. Akakamatwa, akafungwa Drancy, na Januari 1944 akasafirishwa kwa treni hadi Auschwitz-Birkenau, katika nchi ya Poland.

Huko kulikuwa na bendi ya wafungwa wanawake, iliyoundwa mwaka 1943 kwa amri ya wakuu wa kambi. Asubuhi walikaa karibu na lango wakipiga muziki wa gwaride, huku wafungwa wenzao wakitoka kwenda kazi ngumu kwa safu za watano watano. Jioni waliwapigia tena wakirudi, na wengine walirudi wakiwa maiti mabegani mwa wenzao. Siku nyingine waliwatumbuiza walinzi walewale waliowapeleka watu kwenye vyumba vya gesi. Katika hayo yote walipata banda lao wenyewe, jiko la kuota moto, na nafasi ya kuiona kesho.

Fania alichukuliwa kwa ajili ya sauti yake. Zaidi ya hayo alijua kupanga muziki kwa vyombo vingi, na ujuzi huo ulikuwa haba sana. Kiongozi wao alikuwa Alma Rosé, Myahudi, mpiga fidla kutoka Vienna, mpwa wa mtunzi Gustav Mahler. Alikuwa mkali mno. Kosa dogo hakulisamehe. Aliugua ghafla akafa Aprili 1944.

Mwezi wa Novemba walihamishiwa Bergen-Belsen. Huko hapakuwa na bendi wala jiko. Palikuwa na njaa, chawa na homa ya tifasi. Waingereza walipoingia tarehe 15 Aprili 1945, Fania alikuwa hoi kwa ugonjwa huo. Hata hivyo aliimba mbele ya maikrofoni ya BBC, na safari hii hakuna aliyemlazimisha.

Mwaka 1976 alitoa kitabu cha maisha yake kambini, na kikasomwa kote ulimwenguni. Wenzake wa bendi waliumia. Walisema amemchora Alma kama mkatili, na wao kama watu wabinafsi, ilhali ukali ule ndio uliowaokoa: bendi mbaya ingevunjwa, na waliomo wangerudishwa miongoni mwa waliokuwa wakifa. Nadhani hoja yao ina uzito, kwani wengi wa wale wanawake walitoka hai. Lakini sithubutu kumwita Fania mwongo. Walilala banda moja, wakala mkate mmoja, na kila mmoja akatoka na kumbukumbu yake.

Fania alifariki Desemba 1983. Wenzake waliendelea kumtetea Alma miaka mingi baadaye.